Kisima cha Mwalimu

Mwalimu ninayemsimulia hapa nimembuni, ila makosa yake sikuyabuni hata moja. Mpeni sura ya mstaafu yeyote mnayemfahamu: miaka 60, shati la mikono mifupi lililopigwa pasi, kiinua mgongo kimeshaingia benki na simu haiachi kuita. Ana ekari kumi na mbili alizoachiwa na baba yake chini ya ukuta wa Kilimatinde, upande wa bonde la Bahi, pale Reli ya Kati inapojiandaa kupanda kwenda Saranda na Manyoni. Hati ya kimila anayo. Mipaka imepandwa minyaa. Kinachokosekana ni maji.

Mpango wake ulipendeza kwenye daftari. Vitunguu ekari mbili, kwa kuwa Singida haihitaji kutangaza vitunguu vyake kwa mtu. Kuku wa mayai. Mipapai pembeni mwa nyumba. Kila ukurasa wa mpango ule ulitegemea kisima, na katika bajeti nzima kisima kilipewa mstari mmoja tu, "kuchimba". Hapakuwa na mstari wa kutafuta, wala wa kupima, wala wa kukosa. Mtu aliyesahihisha hesabu za watoto miaka yote ile alikuwa ameandika hesabu yenye jibu moja.

Mkewe, ambaye humwita Mwalimu kama wanavyomwita watu wengine wote, alimuuliza swali jioni moja wakichambua kunde.

"Mwalimu, si tungeuliza kwanza pale shuleni? Wafadhili waliwachimbia kisima, halafu kikaachwa."

"Pampu iliharibika, mama."

"Mimi nilisikia maji yake hayanyweki."

"Maneno ya watu hayo."

Naomba msomaji ayashike mazungumzo hayo, maana utafiti uliofuata, wote kwa gharama yake, haukuongeza mambo mengi juu ya yale aliyoyasema mama akiwa na ungo mapajani. Kisima cha jirani ndicho kipimo cha kwanza cha mtu anayetafuta maji. Kimeshafika kule anakotaka kufika, na kimelipiwa na mtu mwingine. Kina chake ni mita ngapi, walikutana na udongo gani, maji yalionekana wapi, Oktoba yanakuwaje, na chai yake ina ladha gani: hayo yanaulizwa kwa miguu, kwa salamu na subira.

Mwalimu alimwita mzee wa fimbo.

Mzee alifika kutoka wilaya ya jirani, kwa nauli, jogoo na bahasha. Alikata kijiti cha mpera chenye panda mbili, akakishika kwa viganja vilivyotazama juu, akatembea taratibu kutoka kwenye mashina ya mahindi kuelekea sehemu ya juu ya shamba, karibu na mawe. Kijiti kikatetemeka, kikainama. "Hapa mishipa miwili inakutana," akasema. "Mita hamsini hufiki." Mwalimu akapigilia kigingi kwa mkono wake mwenyewe.

Simcheki mzee yule, na sidhani kwamba alidanganya. Kijiti kilichoshikwa kwa mkazo namna ile kinahitaji msogeo mdogo sana wa kiganja ili kiruke, na mwenye kiganja haujui msogeo huo. Anahisi kweli kwamba kimevutwa. Desturi yenyewe si yetu peke yetu. Georgius Agricola, aliyeandika kitabu kikubwa cha uchimbaji madini kilichotoka mwaka 1556, aliwaeleza watu waliotafuta madini kwa fimbo katika migodi ya Ujerumani na hakuwasifu. Karne nne baadaye, mwaka 1987 na 1988, Wajerumani hao hao walifanya jaribio karibu na München: walitafuta watu wa fimbo wapatao 500, wakachuja wakabaki na 43 walioonekana hodari, wakawapandisha ghorofa ya juu ya banda huku bomba la maji likihamishwahamishwa chini yao. Waliosimamia jaribio walisema wachache kati yao wana kipaji. Jim Enright, mwanasayansi wa California, alipozipitia namba zile upya akaona hata hao wachache hawakumshinda mtu anayebahatisha.

Kwa nini basi kila kijiji kina mzee wa fimbo mwenye sifa? Kwa sababu ya mahali anapofanyia kazi. Kwenye tambarare ya mchanga, pwani kwa mfano, maji yametandazwa chini ya eneo pana. Ukichimba penye kigingi utayapata, ukichimba hatua thelathini kando utayapata pia. Hakuna anayechimba pale kando ili kulinganisha. Sifa inajengwa kwenye mchanga, kisha inasafiri na mwenyewe hadi kwenye mawe, na huko ndiko inakowagharimu watu.

Sehemu kubwa ya Tanzania ya kati imekaa juu ya mawe ya kale sana, matale na jamii yake, ambayo yenyewe hayana vitundu vya kuweka maji. Mishipa aliyoisema mzee, ile picha ya vijito vinavyotiririka gizani na kukutana, kwenye mawe haya haipo. Maji yamo katika sehemu mbili. Ya kwanza ni tabaka la juu ambalo mwamba umeoza kwa mvua na joto la maelfu kwa maelfu ya miaka ukawa changarawe na udongo. Penye tabaka nene kuna tumaini, penye tabaka jembamba tumaini ni kidogo. Ya pili ni nyufa za mwamba wenyewe chini ya tabaka hilo, na nyufa hizo kwa kawaida zinabanwa kadiri unavyoshuka, kwa sababu uzito wa mawe ya juu unazifunga. Mashimo mawili yanaweza kutengana kwa upana wa uwanja wa mpira, moja likatoa maji ya kutosha kitongoji na jingine likatoa vumbi.

Kigingi cha Mwalimu kilikuwa penye mawe. Tabaka lililooza pale halikuzidi urefu wa mlango.

Kampuni ya kuchimba ilikuja Februari na mtambo juu ya lori, kompresa nyuma yake, na mkataba wa karatasi moja. Bei ilikuwa kwa mita. Mwalimu aliusoma mkataba ule kwa makini, akasahihisha hata tahajia mahali pawili, lakini hakuuliza swali moja: maji yasipopatikana, nani anabeba hasara? Mkataba ulilijibu kwa kunyamaza. Mita zote zililipwa, zenye maji na zisizo na maji.

Mtambo ukaanza. Nyundo inapiga chini, hewa ya kompresa inapuliza unga wa mwamba kuja juu, na watoto wa kitongoji wanasimama mbali wameziba masikio. Unga ulikuwa mwekundu kwa muda mfupi, kisha kijivu, kisha mweupe mkavu kama wa kinuni. Mchimbaji mwenye heshima na kazi yake anachota sampuli kila mita na kuzipanga chini kwa mstari, ili mtu yeyote apite azisome: hapa udongo, hapa mwamba uliooza, hapa mwamba mzima, hapa unyevu. Hawa walikuwa na haraka. Mita hamsini, vumbi. Themanini, vumbi.

"Mzee, tusimame au tuendelee?"

"Mmefika wapi?"

"Themanini. Wakati mwingine maji yanakuwa mbele kidogo tu."

Hapo ndipo fedha nyingi za wakulima zinapozikwa. Mtu ameshalipa themanini na hakuna alichokipata. Kusimama ni kukiri kwamba zimepotea, kuendelea ni kununua tumaini kwa mita. Anayemshauri analipwa kwa mita. Kwenye mwamba mzima usio na ufa, mita ya themanini na moja ina nafasi ndogo kuliko ya arobaini, lakini hilo hakuna aliyekuwa na sababu ya kulisema pale. Walifika mita 120. Lori likaondoka likaacha shimo la upana wa sufuria ndogo, wazi, lenye gunia juu yake na jiwe juu ya gunia.

Mwalimu hakukata tamaa. Aliamini kosa lilikuwa moja, fimbo, na dawa yake ni sayansi. Akamtafuta mtu wa sevei.

Sevei ya maji inapofanywa vizuri ni jambo la kupendeza kutazama. Njia iliyozoeleka inatumia vyuma vinne vilivyochomekwa ardhini kwa mstari. Viwili vya nje vinapitisha umeme, viwili vya ndani vinapima umeme ule umeathirika vipi. Vya nje vinasogezwa mbali zaidi na zaidi, umeme unazama zaidi na zaidi, na mtaalamu anachora mkondo wa jinsi ardhi inavyozuia umeme kutoka juu kwenda chini. Ndugu wa Kifaransa, Conrad na Marcel Schlumberger, ndio walioifanya njia hii kuwa kazi mwanzoni mwa karne ya 20, wakitafuta madini na mafuta. Mwamba mzima wa matale unazuia umeme sana, unasomeka kwa maelfu ya ohm-mita. Mwamba uliooza wenye maji baridi unasomeka kwa makumi au mamia machache. Udongo wa mfinyanzi ni chini ya hapo. Maji ya chumvi yanashuka chini ya kumi.

Msomaji azitazame tena hizo sentensi mbili za mfinyanzi na chumvi. Mashine haioni maji. Inaona umeme unavyopita, na umeme unapita vizuri kwenye maji matamu kiasi, vizuri zaidi kwenye mfinyanzi usiotoa hata ndoo, na vizuri kupita vyote kwenye chumvi. Namba ikishuka sana, mtaalamu anapaswa kuingiwa na wasiwasi. Ndiyo maana hasomi namba peke yake. Anatembea shamba, anaangalia mawe yanavyoelekea, anafuata mstari wa mikuyu, anatafuta taarifa za visima vilivyochimbwa karibu.

Kijana aliyekuja kwa Mwalimu alikuwa na kifaa kinachochora picha ya rangi kwenye simu. Hakutembea shamba. Alivuta waya kutoka penye mawe kushuka hadi upande wa chini, unakoelekea mbugani, na picha ikatoka nyekundu huku juu na buluu ya kukolea huku chini. Akamwonyesha.

"Buluu ndiyo maji, mzee. Hapa yapo mengi mno."

Alikuwa sahihi. Yalikuwepo.

Upande ule wa chini ardhi ni nyingine kabisa. Bonde la Bahi halina mlango wa kutokea. Mito inaingia, Bubu ukiwa mmoja wao, na haifiki baharini. Maji yanatandaa, jua linayanyonya, chumvi inabaki. Mvua ya Dodoma ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na jua la huku lina uwezo wa kukausha zaidi ya mara tatu ya hizo. Endesha mtambo huo kwa maelfu ya miaka na utapata matabaka ya mfinyanzi yenye chumvi ndani yake. Habari hizi hazikufichwa na mtu. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipita nchi hii ya Ugogo mwaka 1857, Stanley akaja nyuma yao, na malalamiko kuhusu maji machungu ya njia hii yapo katika vitabu vyao. Wagogo wenyewe hawakuhitaji vitabu, kwani walikuwa wakitengeneza chumvi.

Shimo la pili lilichimbwa mwezi Machi, mvua zikiwa bado zinanyesha. Mita 52, na maji yakaruka kutoka kwenye bomba yakapita kimo cha kompresa. Akina mama walipiga vigelegele. Mbuzi akachinjwa. Fundi akaweka ndoo chini ya mpira, akahesabu sekunde, akatangaza lita elfu sita kwa saa, na Mwalimu akaandika namba ile kwenye daftari kwa kalamu nyekundu. Hakuna aliyeonja. Au tuseme wapo walioonja, wakasema ni ya kwanza tu hayo, yatasafika.

Tusimcheke sana, kwa sababu furaha ya namna hii iliwahi kuipata nchi nzima. Tarehe 11 Septemba 2013, jijini Nairobi, Serikali ya Kenya pamoja na UNESCO walitangaza kugunduliwa kwa hifadhi kubwa za maji chini ya ardhi kame ya Turkana, kwenye mabonde ya Lotikipi na Lodwar. Kampuni ya Alain Gachet, Mfaransa, ilizitafuta kwa picha za rada za setilaiti pamoja na taarifa za miamba, na mashimo ya majaribio yakachimbwa. Kiasi kilichotajwa kilizidi mita za ujazo bilioni 200, na magazeti yakahesabu kwamba Kenya ingekunywa kwa miaka 70. Watu wa Turkana, wanaofukua mchanga wa mto mkavu kwa mikono ili wapate kibuyu cha maji, waliipata habari hiyo. Uchimbaji wa baadaye pale Lotikipi ulionyesha kwamba maji yapo, na chumvi yake imezidi kiwango cha kunywewa. Setilaiti haikukosea. Iliulizwa kama kuna maji, ikajibu. Haikuulizwa ni maji gani, na hata ingeulizwa isingejua. Swali hilo linajibiwa na chupa na maabara.

Kasoro nyingine haina hata ladha. Bangladesh walichimba mamilioni ya visima vya bomba kuanzia miaka ya 1970 ili watu waache kunywa maji ya madimbwi yenye kipindupindu, na nia ilikuwa njema kabisa. Aseniki ikagunduliwa ndani ya visima hivyo mwaka 1993, baada ya watu kunywa miaka na miaka maji yaliyong'aa. Huku kwetu sumu ya kimyakimya ni floridi. Arusha na Manyara wanaijua kwa meno ya kahawia ya watoto na kwa miguu iliyopinda, na ukanda wa Singida na Shinyanga nao unayo mahali mahali. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita. Haionekani, hainuki, na wanaochemsha maji ili kuiua wanaiongeza ukali, maana maji yanapungua sufuriani na floridi inabaki palepale.

Mwalimu alinunua pampu ya sola, tangi la lita elfu kumi, mipira ya matone. Vitunguu vikaota vizuri, mvua ikivisaidia. Mvua ilipokatika akavimwagilia kwa kisima peke yake, na baada ya wiki chache ncha za majani zikaanza kuungua. Alidhani ni ugonjwa, akapiga dawa. Udongo ukafanya ganda jeupe asubuhi. Nyumbani sabuni ilikataa kutoa povu. Kitunguu ni miongoni mwa mazao yasiyovumilia chumvi hata kidogo, na pale palipo na mfinyanzi chumvi haina pa kwenda, inabaki juu, kila umwagiliaji unaongeza nyingine.

Septemba pampu ikaanza kuvuta hewa. Zile lita elfu sita kwa saa zilipimwa kwa ndoo, siku moja, mwezi wa mvua, maji yakisukumwa na kompresa. Kisima hupimwa kwa kusukuma maji kwa pampu saa nyingi mfululizo, mara nyingi saa 24 au zaidi, mtu akiteremsha kamba kuona kina kinashuka kwa kasi gani, kisha pampu inazimwa ili kuona kinarudi kwa kasi gani. Kurudi kunasema mengi kuliko kushuka. Kipimo hicho kina gharama, na fundi alikuwa amekitaja, kwa haki yake lazima niseme, na Mwalimu ndiye aliyesema basi inatosha, maji si mnayaona.

Tena yapo maji ambayo hayarudi kwa mvua ya kila mwaka. Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma, ndiko yaliko mashamba ya visima vinavyolinywesha jiji hilo, na huko kina cha maji kimepimwa tangu miaka ya 1950. Kumbukumbu ya miaka 55 iliyochapishwa mwaka 2013 ilionyesha kwamba maji yale hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, kama ile El Niño ya 1997 na 1998. Kati ya misimu hiyo kina kinashuka tu, mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo mtu anayechimba Machi na kuona maji hajajua bado anaishi katika mwaka gani wa hesabu hiyo.

Ndipo Mwalimu alipokwenda Singida, ofisi ya maji ya Bonde la Kati, akiwa na maji kwenye chupa ya juisi.

Mtaalamu aliyempokea alikuwa binti wa umri wa wanafunzi wake wa mwisho. "Shikamoo, Mwalimu," alisema, kwa kuwa mgeni wake alishajitambulisha hivyo mlangoni. Chupa hakuipokea, akamweleza kwamba sampuli inachukuliwa kwenye chupa safi iliyosuuzwa kwa maji yaleyale ya kisima, ifike maabara mapema. Kisha akauliza namba ya kibali.

"Kibali gani, mwanangu?"

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayechimba kisima kirefu, na leseni kwa kampuni inayochimba. Wengi tunaliona hilo kama mlango mwingine wa kulipia, na wakati mwingine ofisi zetu zinatupa sababu ya kufikiri hivyo. Lakini mlango huo ndio ulioshika faili. Kampuni yenye leseni ikimaliza kisima inapaswa kuleta taarifa: kina, matabaka, mahali maji yalipoingia, kiasi, ubora. Binti akafungua kabati. Taarifa ya kisima cha shule ilikuwepo, imeandikwa kwa mashine ya chapa, na kwenye mstari wa ubora palikuwa na neno moja, "chumvi".

Mwalimu aliisoma kwa muda mrefu. "Mke wangu aliniambia," akasema.

Walikwenda shambani pamoja wiki iliyofuata, binti na kifaa cha kupima jinsi maji yanavyopitisha umeme. Alikitumbukiza kwenye ndoo ya kisima kipya, kikaonyesha maikrosimensi zaidi ya 4,000 kwa sentimita. Kwa umwagiliaji, chini ya 700 hakuna wasiwasi, kupita 3,000 ni hatari kwa mazao mengi, na kitunguu huanza kulalamika mapema sana. Maabara baadaye ikaongeza kwamba floridi nayo imepita kiwango. Binti akamgeukia mama.

"Shikamoo, mama. Maji ya kunywa mnachota wapi sasa?"

"Korongoni, mwanangu. Tunafukua mchanga."

Korongo lilikuwa umbali wa mwendo mfupi kutoka mpakani, mchanga mtupu, ng'ombe wakivuka. Mama alichutama penye kishimo chake, akakomba kwa kata, akangoja yajae tena. Kifaa kikasoma chini ya 500. Mto wa msimu ukifurika unajaza mchanga wake, na mchanga unayakinga maji na jua. Yanakuja mapya kila masika, hayajakaa na mfinyanzi kiasi cha kuchukua chumvi yake. Mstari wa mikuyu kwenye kingo, ambao kila mtoto wa pale ameupanda akitafuta kuyu, ulikuwa umesimama hapo ukinywa maji hayohayo tangu enzi za babu. Kisima kifupi cha pete za zege pembeni mwa mchanga kingegharimu sehemu ndogo ya shimo la kwanza.

Kingegharimu na utaratibu wake. Maji yaliyo karibu na uso ni mepesi kuchafuka, kwa hiyo choo na zizi vikae mbali na kisima kifunikwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 za kingo za mto, kwa hiyo bustani inasogezwa juu, na kwa kisima chenyewe unaomba ruhusa. Maji ya mchanga nayo si ya ekari mbili. Binti alipiga hesabu, akasema robo ekari ya mboga, labda kidogo zaidi mwaka mzuri, na kina cha maji kipimwe kila mwezi kwa kamba.

"Robo ekari," Mwalimu akarudia.

"Na lile shimo la juu, Mwalimu, lijazwe. Udongo mfinyanzi na saruji, kuanzia chini. Gunia halitoshi, kuna watoto hapa."

"Hilo la chumvi je?"

Binti aliwatazama ng'ombe waliokuwa wakivuka korongo kuelekea mnadani. Ng'ombe anavumilia chumvi ambayo kitunguu hakiivumilii. Kwa mifugo inayofugwa hapo miaka yote, floridi ile ingewala meno, akasema. Kwa wanaopita njiani, wakanywa mara moja wakaenda mnadani, haina shida, mradi asisukume zaidi ya kiasi ambacho kisima kinaweza kurudisha. Akachukua daftari lake na kuanza kujaza fomu za mashimo yote mawili, ili angalau anayefuata azikute kabatini. Kina cha la kwanza Mwalimu alikikumbuka, maana alikilipia. Alipoulizwa udongo uliishia mita ya ngapi, mwamba ulibadilika rangi wapi, unyevu ulionekana au haukuonekana, hakuwa na jibu, na simu ya kampuni haikupokelewa.

Mama ndiye aliyekumbuka. Siku ile ya vumbi alikuwa akipika uji wa mafundi, na kila sufuria ilipoinjikwa alitazama rangi ya unga unaotoka. Binti akakaa kwenye gogo, akaanza kuandika upya kwa kumsikiliza yeye.